Nyaraka za Balozi na Madaftari ya Karani

Katika nchi zetu za Masisi na Walikale, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako mambo makubwa huamuliwa aghalabu kwa maneno ya mdomo mbele ya mwami na wazee, na ambako karatasi hudhaniwa ama kuwa chombo cha serikali cha kutozea kodi ama kuwa hila ya mtu mwenye kulitamani shamba la mwenzake, si jambo jepesi kumshawishi mtu kwamba barua kuukuu, daftari lililotafunwa na panya, na risiti isiyo na kazi tena, zastahili kuwekwa kwa taadhima ile ile tunayoiwekea mirathi ya ng'ombe na viunga. Mimi nilifunzwa thamani ya vitu hivyo na mambo mawili yaliyokutana katika umri wangu: ujumbe wa balozi mmoja wa Kanada aliyetumwa katika Maziwa Makuu mwaka 1996, na sanduku la bati la mjomba wangu, karani wa kolektivite, yaani utawala wa eneo letu, kwa miaka mingi, ambalo baada ya kufa kwake liliwekwa mikononi mwangu liwe amana.

Nianze na balozi. Raymond Chrétien, mzaliwa wa Quebec, ambaye ami yake, Jean Chrétien, alikuwa waziri mkuu wa Kanada wakati ule, hakuwa mgeni kabisa katika nchi yetu, kwani alipata kuwa balozi mjini Kinshasa kuanzia mwaka 1978 hadi 1981. Alikuwa Washington, akiiwakilisha serikali yake, pale Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali, alipomteua awe mjumbe wake maalumu, ilhali vita imekwisha kuwaka Kivu na makambi ya wakimbizi wa Rwanda yameanza kutawanyika. Tarehe 15 Novemba 1996 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1080, la kuidhinisha jeshi la mataifa mengi liende kuwaokoa wakimbizi wale, na Jenerali Maurice Baril, naye Mkanada, akapewa kuliongoza. Na siku hiyo hiyo kambi ya Mugunga, kando ya Goma, ikafumuka, na mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya kurudi Rwanda. Dunia ilipokwisha kuyaona hayo katika televisheni, likazuka shauri kubwa: je, wamebaki wangapi? Wako waliosema kwamba karibu wote wamerejea kwao na jeshi halina kazi tena. Na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, chini ya Sadako Ogata, lilishikilia kwamba umati mkubwa ungali msituni. Ndege zilipita juu zikipiga picha, wakubwa wakabishana juu ya picha, na mwezi wa Desemba haujesha jeshi lile lilikwisha vunjwa.

Sisi tuliokuwa chini ya ndege zile tuliwaona watu kwa macho. Walipanda milima ya Masisi kwa njia za mbuzi, wakateremka kwenye msitu wa Walikale, wakielekea Lubutu na mahali paitwapo Tingi-Tingi, kijiji kidogo ambacho jina lake lilipata kujulikana ulimwenguni kwa sababu ya mauti. Mjomba wangu, ambaye kazi yake ya ofisi ilikuwa imesimama kwa kuwa hapakuwa na serikali ya kumwagiza wala ya kumlipa, aliendelea kuandika kila jioni kama alivyozoea: bei ya chumvi, mihogo iliyotolewa kuwapa wapitao, nyumba zilizoachwa wazi, mgonjwa aliyeachwa kwenye veranda ya shule, mtu aliyezikwa kando ya njia na nani aliyemzika. Hakuhesabu maelfu, maana mtu mmoja mwenye kalamu moja hawezi kuyahesabu. Aliandika alichokiona kutoka mlangoni pake, akatia tarehe, basi.

Sasa, msomaji, fikiri juu ya hatima ya maandishi ya namna hizi mbili. Balozi hurejea kwao na shajara, rasimu za taarifa, barua alizoandikiana na mawaziri, na vijikaratasi vya simu alizopigiwa usiku. Na katika nchi ya Kanada iko desturi, isiyopatikana katika kila taifa, kwamba hifadhi kuu ya dola hupokea nyaraka za ofisi za serikali pamoja na nyaraka za watu binafsi, zikawekwa chini ya dari moja, kwa kuwa wenye nchi ile walitambua mapema kwamba jambo aliloliandika mtumishi kwa wizara yake na jambo lile lile alilomwandikia mkewe au rafikiye hayalingani sikuzote, na kwamba ukweli aghalabu hukaa baina ya hayo mawili. Mfano mashuhuri ni Lester Pearson, aliyekuwa balozi, kisha waziri wa mambo ya nje, akatunukiwa Nobeli ya amani mwaka 1957 kwa juhudi zake katika mgogoro wa Suez, na hatimaye akawa waziri mkuu. Alipofariki mwezi wa Desemba 1972 alikuwa ameanza kuyaandika maisha yake katika juzuu tatu, na ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa imetoka. Walakini zile mbili zilizosalia zilichapishwa baadaye, kwa kuwa wahariri walizikuta nyaraka zake zimehifadhiwa, wakaweza kuikamilisha kazi ambayo mauti yaliikatiza. Nyaraka zake ziko leo katika Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada, ambayo tangu mwaka 1997 ina jumba kubwa huko Gatineau, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa, lililojengwa makusudi ili joto na unyevu visiiharibu karatasi.

Karani wa Masisi hana jumba. Anapokufa, wajukuu hufungia njugu kwa barua zake, na zilizobaki huwashia moto. Sanduku la mjomba lilinusurika kwa sababu ya mjane wake, ambaye hakujua kusoma, lakini alijua kuogopa. Siku aliyonikabidhi ufunguo aliniambia: "Mwanangu, mjomba wako aliyahofia makaratasi haya kuliko moto. Mtu akija kuyaulizia, mwulize kwanza anatafuta jina la nani." Nikamjibu: "Mama, nitafanya hivyo." Maneno yale niliyachukua siku hiyo kuwa ya mwanamke mwenye huzuni, lakini baadaye nilikuja kuona kwamba wataalamu waliosoma elimu ya kuhifadhi nyaraka katika vyuo vikuu hufundishwa jambo hilo hilo kwa kurasa nyingi.

Padri mmoja wa Goma aliniazima kitabu cha Kifaransa chenye kanuni ambazo Wakanada huzifuata katika kuzieleza nyaraka, na kutoka humo nikapata somo la kwanza, ambalo Wafaransa walilitia katika waraka wa serikali tangu mwaka 1841: kwamba karatasi za mtu mmoja zisichanganywe na za mwingine. Pamoja nalo ilikuwamo kanuni nyingine, kwamba mpango alioziwekea mwenyewe usivunjwe. Jamaa zangu walionijia kunisaidia walitaka tuzigawe mara moja, za mashamba huku, za kodi kule, za shule pembeni, ili mambo yaonekane nadhifu. Nilikataa, nao wakanicheka. Ndani ya bahasha moja ya khaki mjomba alikuwa ameweka pamoja vitu vitatu visivyofanana: hati ya kuuza shamba iliyotiwa dole gumba, risiti ya hospitali ya mwezi ule ule, na barua ya muuzaji akiomba aruhusiwe kulikomboa shamba lake baada ya mavuno. Laiti tungalizigawa kama walivyotaka, hati ingalikwenda kwenye fungu la mashamba ikasema kwamba fulani aliuza kwa hiari yake, na risiti ingalitupwa. Zilipokaa pamoja zilieleza kwamba mtu yule alikuwa na mgonjwa, akaweka shamba kama rehani, na kwamba karani alilijua hilo. Karatasi za mtu ni kama nyayo za mnyama, ambazo mwindaji wa kabila la Wanyanga, hapa Walikale, hazisomi moja moja, bali huangalia ipi iliyotangulia na ipi iliyofuata. Ukizichota na kuzipanga kwa ukubwa, umepoteza njia.

Wala si jambo dogo hilo katika Masisi, ambako ugomvi wote mkubwa una mzizi katika ardhi. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda ikawapa makazi katika milima yetu, ikawafanyia utemi wao wa Gishari, kisha mwaka 1957 ikaufuta. Na sheria ya mwaka 1973 ikaitangaza ardhi yote kuwa mali ya dola, huku ikiahidi kwamba haki za jadi zitapangwa kwa amri ya rais, amri ambayo haikutoka. Hivyo kila kilima kina wenye kudai kwa mila, wenye kudai kwa muhuri, na wenye kudai kwa kaburi la babu yao, na kila mmoja ana kipande cha ukweli. Katika nchi ya namna hii, mwenye kuipanga upya karatasi kwa matakwa yake amekwisha kutoa hukumu bila ya kuketi barazani.

Somo la pili ni orodha. Kitu kisichoandikwa katika orodha hakina mlinzi, kwa maana kikipotea hapana ajuaye kwamba kilikuwako. Kanuni za Wakanada huamuru uanze na ujumla kabla ya kushuka kwenye sehemu: kwanza mwandishi alikuwa nani, alifanya kazi gani, miaka gani, na karatasi zilifikaje hapa zilipo, kisha mafungu, kisha majalada, na mwisho, ikiwa iko haja na nguvu, karatasi moja moja. Mimi, ambaye nilikuwa na taa ya mafuta, kalamu ya risasi na daftari la shule, nilifuata utaratibu huo huo, nikaona kwamba hauhitaji utajiri. Uzuri wa kutaja asili ya kitu tunao mfano wake hapa hapa Walikale: mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza Rureke wa kijiji cha Bese akiimba na kusimulia utenzi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili, akauandika katika lugha ya Kinyanga, na kitabu kilipochapishwa Marekani mwaka 1969, kwa kushirikiana na Kahombo Mateene, mwana wa nchi hii, jina la msimulizi, kijiji chake na namna alivyosimulia vyote vilitajwa. Hadithi ngapi za Kiafrika zilichapishwa zamani zile pasipo mwenyewe kutajwa, zikawa kama watoto wa kuokotwa! Mwindo ana baba, ana mji, ana mwaka, na kwa hiyo Mnyanga wa leo aweza kwenda Bese akauliza.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya Wazungu tu. Joseph Murumbi, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kisha kwa muda mfupi mwaka 1966 makamu wa rais, alikusanya vitabu, barua na kazi za sanaa kwa maisha yake yote, na serikali ya Kenya ikavinunua. Na leo mtu akiingia katika Hifadhi ya Taifa, ndani ya jengo la benki ya zamani pale Moi Avenue, Nairobi, atakuta maelfu ya vitabu vyake vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Alifahamu kwamba mwanadiplomasia asiyeweka karatasi zake huwaachia wenzake wa upande wa pili wa meza waseme peke yao.

Katika kazi yenyewe ya mikono sitakawia, lakini yako machache ambayo huenda yakamfaa mwenye sanduku nyumbani. Ukungu wa Masisi na mvua za Walikale huzaa kuvu, na watu wengi hukimbilia kuanika karatasi juani, jambo ambalo huzikausha upesi na kufifiza wino upesi zaidi. Afadhali kivuli penye upepo, kisha uzipanguse kwa brashi laini nje ya nyumba, pua imefungwa kitambaa. Pini na vibanio vyenye kutu viondolewe pole pole, kwani kutu hula karatasi. Nambari ziandikwe kwa penseli, wala si kwa kalamu ya wino. Utepe wa kugandisha, ambao kila mwenye huruma huukimbilia aonapo karatasi iliyochanika, hugeuka rangi ukaacha doa lisilotoka, hivyo usitumike kabisa. Sanduku liinuliwe juu ya mawe au mbao, mbali na ukuta, ili mchwa asipate daraja.

Sasa nafika katika somo la tatu, ambalo ni zito kuliko mengine, nalo ni kwamba kuhifadhi si kutangaza. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na moto ukaenea hadi Masisi, jirani akimgeukia jirani kwa sababu ya kabila lake. Na tangu hapo orodha yoyote ya majina, hata iwe ya kodi au ya wanafunzi, yaweza kuwa silaha mikononi mwa mtu mwovu. Katika sanduku la mjomba mlikuwa na orodha za namna hiyo, na mlikuwa na mashtaka ambayo walioyaandika wangali hai, na walioshtakiwa wana watoto. Wako walionishauri nizichome, wakasema ni sumu. Na wako walionijia kwa upole mwingi, na zawadi, wakitaka kuona ukurasa mmoja tu. Nikayakumbuka maneno ya mjane, nikawauliza wanatafuta jina la nani, na wengi hawakurudi. Nilipokisoma kile kitabu cha padri nikaona kwamba katika hifadhi kubwa za dunia mwenye kutoa nyaraka zake huruhusiwa kuweka sharti, kwamba jalada fulani lisifunguliwe hadi ipite miaka kadha, au hadi wafe waliotajwa. Na nyaraka za mabalozi, zenye siri za watu waliowaamini, hufungwa hivyo mara nyingi. Basi nami nikafanya vivyo hivyo: orodha inasema kwamba jalada liko, inasema lina nini kwa jumla, na inasema litafunguliwa lini, lakini jalada lenyewe limefungwa. Kuchoma ni kuwasaidia wauaji wafiche. Kufungua ovyo ni kuwasaidia waue tena. Kati ya hayo mawili uko uaminifu, na uaminifu huo ndio elimu yote ya kazi hii, yaliyobaki ni ufundi.

Tena yapasa kuwa na nakala, na nakala zikae mbali. Sehemu ya Goma ilizama katika lava ya volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, ikateketea ofisi na nyumba nyingi pamoja na yaliyokuwamo. Katika mwaka 2025 mapigano ya waasi wa M23 yalifika Masisi-kati mwezi wa Januari, Goma mwezi huo huo ukielekea kwisha, na Walikale-kati mwezi wa Machi, na kila mahali watu walikimbia na sufuria na magodoro, maana hapana mtu akimbiaye na daftari. Siku hizi kijana mwenye simu aweza kupiga picha jalada zima mchana mmoja, akampelekea nduguye aliye Kampala au Bukavu. Na picha hiyo, ijapokuwa haina uzito wa karatasi yenyewe, ni bora kuliko majuto.

Turudi kwa balozi na karani. Mwanachuoni atakayetaka kuujua ukweli wa Novemba 1996 atazikuta karatasi za waliokaa New York, Ottawa na Washington, zimepangwa vizuri, zina nambari na masanduku yake. Naye ataona kwa insafu kwamba wengi wao walihangaika, wakapungukiwa habari, wakaamua kwa kubahatisha. Lakini kwa karatasi hizo peke yake ataandika historia ya mashauri, si ya watu. Madaftari ya mjomba wangu nayo hayawezi kuyamaliza mabishano juu ya hesabu, kwa kuwa yaliandikwa kwenye mlango mmoja, katika njia moja. Walakini yanaonyesha kwamba katika siku zile ambazo wakubwa waliulizana kama kuna watu msituni, watu walikuwa wakipita, wakiomba mihogo, wakizikana. Ushahidi wa juu wahitaji ushahidi wa chini, na ule wa chini wahitaji ule wa juu, ama sivyo kila upande utabaki na hadithi yake na chuki yake.

Kwa hiyo nawasihi makarani wa kolektivite waliostaafu, mapadri na wachungaji wenye madaftari ya ubatizo na ya ndoa, waalimu wakuu, wauguzi wa zahanati, na warithi wa watu hao wote: msichome, msiuze kwa wafunga njugu, msipange upya. Andikeni orodha, hata iwe ya ukurasa mmoja, mkitaja karatasi zilikuwa za nani na zilifikaje kwenu. Yafungeni yanayoweza kumdhuru mtu, na semeni yatafunguliwa lini. Toeni nakala moja ikae mbali nanyi. Na ninyi wenye majumba makubwa huko Ottawa, Brussels na New York, mlio na nyaraka zinazotuhusu, leteni nakala Goma na Bukavu, zisomwe na wale ambao ziliandikwa juu yao. Jambo hili ni haki yetu, wala si fadhila, na gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya vita moja iliyozaliwa na uwongo.